Manyoya mafupi hupukutika mwaka mzima: brashi, sufuria na ngozi ya mbwa wako

Watu wengi huchagua Labrador, Boerboel, Rottweiler au mbwa wa kienyeji kwa hesabu moja: manyoya yake ni mafupi, kwa hiyo kazi itakuwa ndogo. Baada ya muda makochi yanajaa nyuzi ngumu ambazo ufagio hauzigusi. Nyoya fupi limenyooka na ni gumu. Likidondoka hudunga kitambaa kwa ncha na kujishona humo, wakati nyoya refu hujikunja na kukusanyika pembeni mwa chumba ambako mtu hulizoa kwa mkono. Ukitaka kuyatoa kwenye kochi, vaa glovu ya mpira ya kuoshea vyombo, iloweshe kidogo, kisha pangusa kuelekea upande mmoja tu. Yatajikusanya yenyewe. Ila kochi ni mwisho wa safari. Kazi yenyewe iko kwenye ngozi ya mbwa na kwenye sufuria yake.

Manyoya ya mbwa hukua kwa mzunguko: nyoya huota, huacha kukua, hupumzika kwenye kishimo chake, kisha hung'oka na kulipisha jipya. Kinachoamuru mzunguko huo kwa sehemu kubwa ni urefu wa mchana, halafu joto. London mchana wa Juni unazidi saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8, ndiyo maana mbwa wa huko hupukutisha kwa wingi majira ya kuchipua na tena kabla ya baridi. Nairobi mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Hata Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Mbwa wetu hana msimu mkubwa wa kupukutisha: hudondosha kidogo kidogo kila siku, Januari hadi Desemba.

Kwa hiyo ule ushauri wa mtandaoni wa kumpiga brashi sana "msimu ukifika" hautufai. Huku brashi ni ya kila wiki. Na mbwa wako akianza ghafla kudondosha kuliko kawaida yake, usikubali upesi mtu akikuambia ni msimu tu, utapita. Ipo sababu, na mara nyingi inatafutika.

Sababu nyingine hazina ubaya. Jike hupukutika sana baada ya kipindi cha joto la kutaka dume, na zaidi baada ya kuzaa, wiki ya 8 hadi ya 12 hivi, kisha manyoya hurudi. Mbwa aliyeugua homa kali, kwa mfano ugonjwa wa kupe, anaweza kupona vizuri na kuanza kunyonyoka mwezi mmoja hadi mitatu baadaye, kwa kuwa wakati wa homa manyoya mengi yaliingia kwenye mapumziko kwa pamoja. Na mbwa mwenye hofu akipandishwa meza ya daktari humwaga manyoya papo hapo. Hayo yote hupita.

Sasa brashi. Kwa mbwa wa manyoya mafupi, kifaa kinachofanya kazi kubwa ni brashi ya mpira au glovu yenye vinundu vya mpira. Mpira hushika nyoya lililokwisha kulegea na kuliacha lile ambalo bado limeshika. Cha pili ni brashi ya kawaida ya nywele ngumu, na cha tatu ni kitambaa chenye unyevu kidogo. Zile chanuo za chuma zenye meno kama ya kisu, zinazosifiwa kwa kutoa rundo la manyoya kwa dakika moja, sizipendi kwa mbwa hawa. Zikipitishwa mara nyingi hukata manyoya ya juu ambayo bado ni mazima na kukwaruza ngozi, kisha mwenye mbwa hudhani manyoya yale yote yalikuwa yamekufa. Kama unayo, itumie kwa wepesi, mara moja moja, na kwa mbwa mwenye tabaka mbili tu. Kumjua ni rahisi: panua manyoya ya shingoni au ya nyuma ya paja kwa vidole viwili. Ukiona chini yake sufi laini ya rangi iliyofifia, ana tabaka mbili. Labrador anayo, Rottweiler anayo shingoni na mapajani. Boxer, Dalmatian na Ridgeback kwa kawaida hawana, na mbwa wengi wa kienyeji pia hawana.

Fanya kazi hii nje, kivulini, mbwa akiwa mkavu. Anza na mikono mitupu: pitisha vidole nyuma ya masikio na ndani yake, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, kinenani na katikati ya vidole vya miguu. Huko ndiko kupe hujificha, na brashi ikimkuta itamkatia mwili na kuacha kichwa. Kisha chukua brashi ya mpira na uzungushe miduara midogo, mitano au sita kila mahali, ukianzia nyuma ya masikio, shingo, bega, mgongo, mbavu, hadi paja. Miduara hii huinua manyoya kinyume na lalio lake na kutoa mba iliyoshika chini. Tumboni na ndani ya mapaja punguza nguvu, ngozi ya hapo ni nyembamba. Chini ya goti na kiwiko kuna mfupa mtupu, kwa hiyo tumia kitambaa tu. Baada ya hapo piga brashi ya nywele ngumu kufuata lalio la manyoya, mipigo mifupi yenye mkunjo mwishoni ili vilivyolegea viruke nje. Malizia na kitambaa chenye unyevu.

Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki, zinatosha. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuendelea hadi manyoya yaishe kutoka. Hayataisha. Ngozi ikianza kuwa nyekundu umeshapita kiasi, na kesho mbwa atajikuna ulipokwaruza. Na usimnyoe. Manyoya yale mafupi ndiyo kinga yake dhidi ya jua, mbu na majani makali. Ukinyoa, yatakayodondoka yatakuwa vipande vifupi zaidi, vigumu zaidi kuvitoa kochini.

Hata hivyo brashi hutoa tu kilichokwisha kufa. Kinachoamua nyoya jipya litakuwaje ni chakula. Nyoya karibu lote ni protini, na ngozi pamoja na manyoya hutumia robo hadi karibu theluthi moja ya protini anayohitaji mbwa kwa siku. Protini ikipungua, mwili hulinda moyo na misuli kwanza, manyoya husubiri. Ndiyo maana mbwa wa ugali mtupu na mchuzi wa mifupa huwa na manyoya makavu, yaliyofifia, mekundu-mekundu kwa mbwa mweusi, na anadondosha kila anapojikung'uta.

Hesabu yake iko hivi. Unga wa sembe gramu 100 una protini ya gramu 8 hivi. Mbwa wa kilo 30 akila ugali wa unga gramu 400 kwa siku anapata gramu 32, chini ya nusu ya kiasi kinachomfaa. Sasa badili: unga gramu 300, dagaa wakavu gramu 100, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti. Protini inapanda hadi gramu 80 na kitu, nguvu ya kumtosha mbwa mwenye shughuli za kawaida ipo, kalsiamu inatoka kwenye mifupa ya dagaa wenyewe. Alizeti inaleta asidi ya linoliki, ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza na ambayo ngozi huihitaji kushika maji. Dagaa wanaleta omega-3. Waoshe kwa maji mengi, walowekwe nusu saa, uwatoe bila kuvuruga chini ili mchanga ubaki. Kama wamekaushwa kwa chumvi, badilisha maji mara mbili. Usitie kitunguu cha aina yoyote, wala kitunguu saumu, hata kama chakula kinatoka kwenye sufuria ya watu.

Bado huo si mlo kamili. Zinki ni tatizo kubwa la mlo wa mahindi: pumba ina faiteti, kemikali inayoifunga zinki isifyonzwe tumboni, na kalsiamu ikizidi huizuia zaidi. Mbwa mwenye upungufu wa zinki huota magamba magumu kuzunguka macho, midomo na kwenye nyayo. Kwa hiyo unga wa pumba nyingi, pamoja na unga wa mifupa anaomwagiwa kila siku "aimarike", ni mchanganyiko mbaya. Ongeza nyama ya ng'ombe pale inapopatikana, yai la kuchemsha mara 3 kwa wiki, ini gramu 30 mara 2 kwa wiki na si zaidi kwa sababu vitamini A ikirundikana ni sumu, na mchanganyiko wa madini na vitamini uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Yai lipikwe: ute mbichi una kitu kinachoishika biotini, vitamini ya ngozi, isitumike mwilini.

Unga wenye ukungu usimpe mbwa. Ile tabia ya kusema "huu umeharibika, tumpikie mbwa" huua. Sumukuvu inashambulia ini, na mbwa ni dhaifu mbele yake kuliko wanyama wengi.

Kama unanunua chakula kikavu cha dukani, angalia namna kinavyouzwa kabla ya kuangalia jina. Kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililoachwa wazi, dukani penye joto, mafuta yake huchacha na vitamini zake hupotea, hata kama kilitoka kiwandani kizuri. Nunua mfuko uliofungwa, ukiacha chakula kwenye mfuko wake, ufunge vizuri baada ya kila kuchota, na kiishe ndani ya wiki 6. Pwani, kiishe mapema zaidi. Nusa: kikinuka mafuta ya zamani ya kukaangia, kimechacha.

Mafuta ya samaki ya vidonge husaidia ngozi kavu na yenye muwasho. Kidonge cha miligramu 1000 kwa kawaida kina omega-3 kama miligramu 300. Kidonge kimoja kwa kila kilo 10 za mbwa ni mwanzo salama, ukianza na kimoja tu kwa siku kadhaa asiharishe. Usichanganye haya na mafuta ya ini la samaki, ambayo yana vitamini A na D nyingi na huzidi haraka. Mafuta ya nazi yanapendwa sana pwani, na kumpaka hakumdhuru, ila hayana asidi ya linoliki ya kutosha wala omega-3, kwa hiyo yanang'arisha manyoya kwa siku mbili bila kubadilisha kinachoota. Lolote utakalobadilisha kwenye chakula, usilihukumu kabla ya wiki 6 hadi 8. Ngozi hujibadilisha kwa muda wa wiki 3 hivi, na nyoya jipya lazima lipate muda wa kutokeza.

Sabuni nimeiacha nyuma makusudi, kwa sababu wengi huanza nayo na kuharibu. Mbwa mzima wa manyoya mafupi anahitaji kuoga kila baada ya wiki 4 hadi 8. Anayeogeshwa kila Jumamosi kwa sabuni ya mche au ya kuoshea vyombo hupoteza mafuta ya ngozi, ngozi hukauka na kutoa mba, manyoya hulegea, na mwenye mbwa huona manyoya mengi beseni likijaa, basi anaongeza kuogesha. Sabuni na shampuu za watu hazikutengenezwa kwa ngozi ya mbwa. Tumia shampuu ya mbwa. Ichanganye na maji kwenye chupa kama lebo inavyoruhusu, ili isambae na isuuzike. Pasipo bomba, ndoo mbili za lita 20 zinamtosha mbwa wa kilo 30: nusu ya ndoo ya kwanza kumlowesha, yote iliyobaki kumsuuza. Shampuu iliyobaki chini ya manyoya ndiyo chanzo cha muwasho wa kesho yake. Mpige brashi kabla ya kumlowesha, anzia shingoni kurudi nyuma, kichwa mwisho. Muogeshe asubuhi, kabla ya saa nne, akauke vizuri kwapani, kinenani na kwenye mikunjo kabla jua halijazama. Pwani unyevu ukibaki kwenye mikunjo, fangasi wa hamira hukua, ngozi inakuwa nyeusi, nene, yenye mafuta na harufu kali. Aliyeogelea baharini asuuzwe kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo.

Matandiko yake yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, au yapigwe pasi. Yuko nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga wenye unyevu, na funza wake huingia ngozini. Kwa mbwa wa manyoya mafupi utaona jipu dogo lenye tundu katikati, na ndani ya tundu kitu kinasogea. Na matandiko yenyewe yawepo: Boerboel anayelala kwenye saruji huota sugu viwikoni, sugu hupasuka na kuingia usaha, na manyoya hapo hayarudi. Godoro la unene wa sentimita 10 lenye kava la turubai linazuia hilo.

Viroboto ndio sababu ya kwanza ya kuchunguza mbwa akinyonyoka na kujikuna, hata kama huwaoni. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, iloweshe, weka chini ya shina la mkia, kisha pitisha chanuo la meno ya karibu. Vipunje vyeusi vikidondoka, visubiri dakika moja. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Mbwa mwenye mzio wa mate ya viroboto anaweza kunyonyoka mgongo wa chini na mapaja kwa kuumwa na wachache tu. Viroboto wengi hawako juu ya mbwa. Ni mayai, mabuu na pupa kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Kwa hiyo tibu wanyama wote wa nyumbani kwa pamoja, fua matandiko kwa maji moto kila wiki, na endelea miezi 3 bila kukatiza. Kama una paka, soma lebo mara mbili: dawa ya mbwa yenye pamethrini humuua paka.

Kuhusu josho la ng'ombe. Amitrazi, dawa ya kuua kupe na utitiri, ya asilimia 12.5 inauzwa kila duka la dawa za mifugo, na watu huipima kwa kifuniko. Kipimo cha mbwa ni asilimia 0.025, yaani mililita 2 kwa kila lita moja ya maji. Pima kwa bomba la sindano, vaa glovu, usisuuze, na asijilambe hadi akauke. Isitumike kwa mbwa mchanga wa chini ya miezi 4, mwenye kisukari au Chihuahua. Akilegea na kusinzia kupita kawaida baada ya kuogeshwa, ni sumu, mkimbize kwa daktari. Zile dawa za kumeza za kizazi kipya, kama fluralana inayodumu wiki 12 kwa viroboto, ni ghali ila hukomesha kupe, viroboto na utitiri kwa pamoja. Kama una uwezo, hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko shampuu yoyote. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa na dawa za kusafishia sakafu zisiguse mbwa. Huingia kupitia ngozi, na anazilamba.

Mahali manyoya yanapotoka husema mengi. Kingo za masikio na viwiko, pamoja na muwasho wa kumkosesha usingizi: upele wa utitiri, ambao huwahamia watu pia. Sugua ukingo wa sikio kati ya vidole. Mguu wa nyuma ukianza kujikuna hewani, dalili inazidi nguvu. Mbwa mdogo akinyonyoka kuzunguka macho na miguu ya mbele bila kujikuna sana, ni utitiri wa aina nyingine, usioambukiza watu. Mbavu zote mbili kwa usawa, bila muwasho, huku akinenepa na kupoa: fikiria tezi ya shingo. Na kuna moja inayowahusu hasa wa manyoya mafupi. Mgongo unakuwa na mabaka madogo madogo, kama nguo iliyoliwa na nondo, na vishungi vya manyoya vimesimama. Wengi husema ni mashilingi, yaani fangasi wa ngozi. Mara nyingi ni bakteria kwenye vishimo vya manyoya, na hutulia kwa shampuu ya kloriheksidini ya asilimia 2 hadi 4, mara 2 kwa wiki, ikiachwa juu ya ngozi dakika 10 kamili ukitazama saa kabla ya kusuuza, kwa wiki 3 au 4. Mashilingi ya kweli yanaambukiza watoto, kwa hiyo likiwepo duara lenye magamba, apimwe.

Ng'oa pia manyoya machache pembeni ya baka na uyatazame kwa kioo cha kukuzia. Ncha zikiwa zimechongoka, yanang'oka yenyewe, na chanzo kiko ndani ya mwili au kwenye kishimo. Ncha zikiwa zimekatika, mbwa anayakata mwenyewe kwa kujilamba na kujiguguna, hata kama anafanya hivyo usiku usipomwona.

Ukimpeleka kwa daktari wa mifugo, usimuogeshe siku 3 kabla, maana unaosha ushahidi. Mwombe akwangue ngozi na kutazama kwa hadubini kabla ya kuchoma sindano yoyote. Sindano ya steroidi huzima muwasho kwa wiki moja hivi, na kama chanzo ni utitiri, unaongezeka huku mbwa akionekana amepona. Nenda na orodha ya anachokula, dawa zote ulizompa pamoja na tarehe, na picha za baka lilelile zilizopigwa kila wiki, sarafu ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane.